Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Haki ya Kuona Hesabu

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana mliohudhuria Mkutano Mkuu huu, hamjambo.

Mwaka huu chama chetu kimeshikilia jambo moja: mwananchi wa wadi zetu aweze kujua fedha za umma zimefanya nini katika mradi ulio karibu na mlango wake. Nina furaha kusema kwamba tumesogea.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ikafuata mwaka 2016. Wengi wetu tuliiona kama sheria ya wanahabari na mawakili, mpaka tulipoketi kuisoma kifungu kwa kifungu. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Kuliwasilisha hakuna ada. Unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala. Sababu ya kuitaka habari hiyo haiwezi kutumiwa kukunyima. Asiyeweza kuandika, afisa anawajibika kumsaidia. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ukinyimwa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Mama mmoja mwanachama wetu, muuza samaki, aliandika barua ya nusu ukurasa kwa Kiswahili kuhusu zahanati ya kwao. Kuta zimesimama, rangi imepakwa, maji hakuna. Akaomba mkataba pamoja na BQ, ile orodha inayotaja kila kitu anachotakiwa mwanakandarasi kukifanya na bei yake. Afisa wa kwanza alimwambia alete kwanza barua ya chifu. Mama akafungua simu, akamsomea kifungu. Barua ikapokelewa na kugongwa muhuri, na nakala zikaja ndani ya muda wa sheria. Tangi la maji limo kwenye orodha, mifereji ya paa imo, mabomba yamo, kila kimoja na shilingi zake. Karatasi hizo zilisomwa kwa sauti barazani, mwakilishi wadi akiwepo. Tangi limeshawekwa. Mabomba bado, na tunaendelea kuyadai.

Kuhusu teknolojia, msimamo wa kamati yenu uko wazi. Hatupingi mifumo ya mtandao. Tangu eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, ianze mwaka 2014, watu wengi wameokoa nauli na siku za kazi walizokuwa wakizipoteza kwenye foleni. Lakini mfumo wa aina hiyo unampa mwananchi huduma na unaipa serikali malipo na taarifa za mwananchi. Sisi tunadai na upande wa pili: taarifa za serikali zimfikie mwananchi. Hapo nchi yetu imekuwa ikianza vizuri kisha inalegea. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria, yaani takwimu za serikali zilizo wazi kwa wote, mojawapo ya za mwanzo barani Afrika, lakini takwimu zake nyingi zikakaa muda mrefu bila kuhuishwa. Mwaka 2018 amri ya rais ikaelekeza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai taasisi zote za umma zitangaze zabuni zao na majina ya waliozishinda. Amri hiyo ni nzuri kabisa. Inahitaji watu wa kuifuatilia kila mwezi, na watu hao ni sisi.

Kwamba uwazi unawezekana, tumeshaona. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, miongoni mwa yaliyoisumbua ni Tume ya uchaguzi kutofungua seva zake kikamilifu kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 Tume hiyohiyo iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye simu aliweza kuitazama fomu ya kituo alichopigia kura. Kesi bado zilikwenda mahakamani, ndiyo, lakini safari hii mwananchi alikuwa na karatasi ya kulinganisha. Kwangu mimi hakuna ubunifu wa serikali uliozidi huo katika miaka hii, na ulikuwa ni kupiga picha na kuziweka hadharani.

Bajeti ya kaunti nayo hutolewa kama picha za kurasa zilizopigwa skana, nyingine zimekaa upande. Vijana wetu walizichapa upya tarakimu moja moja kwenye Excel ndipo tukaweza kujumlisha fedha za kila wadi. Nawashukuru kutoka moyoni. Kazi hiyo haikupasa kuwa yao, kwa sababu aliyeiandaa bajeti anayo tayari katika jedwali. Tumeandika kuomba jedwali lenyewe.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tujifunze kutoka kaunti ya Makueni, ambako kamati za wananchi zinazosimamia miradi hutia saini kabla mwanakandarasi hajalipwa. Tutapeleka ombi kwa bunge la kaunti utaratibu kama huo uwekwe kisheria, na BQ ya kila mradi ibandikwe mahali mradi ulipo, kwa Kiswahili.

Hesabu za chama atazisoma Mweka Hazina. Stakabadhi zote ziko mezani, apekue anayetaka.

Mfano wa barua ya kuomba habari anao Katibu. Kila wadi ichague leo mradi wake mmoja, na majina ya wawili watakaoufuatilia yaandikwe kabla hatujafunga mkutano.