Barua kwa Kaka kuhusu riwaya yangu na maneno ya Shangazi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kazi ya usiku nimeizoea na baridi haina neno. Fedha za paa nimetuma nusu, nusu nyingine mwezi ujao. Dhumuni hasa la barua hii ni maneno ya Shangazi, ambayo nimeyasikia hadi huku, kwamba nimeandika riwaya ya kumwanika Mama mbele za watu.

Hajaisoma. Angeisoma, angeona kwamba humo hamna mama mwovu, bali mna serikali inayotaka kuwa mama wa kila mtoto. Katika nchi niliyoibuni, mkaguzi huja na kipimajoto saa ya kumwogesha mtoto, na mama akithubutu kutumbukiza kiwiko majini kupima joto, kama Mama alivyotufanyia sote, hukatwa alama. Alama zikiisha, mtoto huhamishiwa kwa wazazi wengine. Kiwiko hicho ndicho kitu pekee nilichokitoa nyumbani kwetu, na nilikiandika machozi yakinitoka kwa kumkumbuka.

Mengine nimeyachota katika historia. Mwaka 1966, kwa amri namba 770, Ceaușescu, kiongozi wa Romania, alipiga marufuku utoaji mimba nchini mwake, waliovuka miaka 25 bila mtoto wakatozwa kodi, na katika miaka ya 1980 wanawake walikuwa wakikaguliwa mimba makazini mwao, hadi amri ikafutwa Desemba 1989 alipoangushwa. China nayo iliwatoza faini waliozidisha mtoto, na sera yake ya mtoto mmoja ilidumu hadi 2015. Huko walilazimishwa kuzaa, huku wakakatazwa, na kote serikali iliingia chumbani bila kupiga hodi. Lakini lililonikosesha usingizi ni la Argentina, ambako utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983 uliwapokonya wafungwa watoto waliozaliwa kizuizini ukawagawa kwa watu wengine. Mabibi wa watoto hao walijiunga pamoja 1977, na hadi leo wajukuu wangali wanatafutwa. Yule bibi wa sura ya mwisho, ambaye Shangazi anadai ni marehemu Bibi yetu, nimemtoa kwa wanawake hao.

Kaka, hiki ni kitabu changu cha kwanza, na kimewekwa dirishani mwa duka la vitabu ninalolipita nikienda kazini, jina la Baba likiwa na herufi kubwa kuliko jina la kitabu chenyewe. Siku nilipokiona nilitamani mngekuwa kando yangu, hata Shangazi.

Nakala mbili ziko njiani. Moja mkabidhi Shangazi mkononi, na mbele ya wale wale aliowaambia. Nyingine ni ya Mama. Msomee wewe mwenyewe, taratibu, uanzie pale pa kiwiko, kisha uniandikie amesema nini.

Ni mimi mdogo wako.