Aika, wapime kwanza udongo wa nyuma ya mkuyu

Pasua, Moshi
Jumatano jioni

Mwanangu Aika,

Hatujambo hapa nyumbani. Miguu inamsumbua mama yako kwa baridi hii, lakini anatembea. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mtandao hukatika kila nikifika penye maana, na jambo hili sitaki likatike.

Jana diwani alipita mtaani akasema kazi ya ile yadi ya zamani ya kahawa unayoichorea itaanza mara tu masika yakiisha, na kwamba michoro imeshapita, zimebaki sahihi mbili tatu. Nikahesabu siku. Wewe unasafiri Jumapili, miezi mitatu. Basi ama watapitisha ukiwa haupo, ama utasaini mbiombio mabegi yakiwa mlangoni. Naomba usisaini, Aika. Usisaini kabla hawajachimba na kupima udongo wa nyuma ya mkuyu.

Pasaka ulipotandaza ile michoro mezani nilifurahi sana, mama yako ni shahidi. Ghala la kahawa umelibakiza na kuta zake za mawe, na kile kipande cha reli kinachoingia uani umekiacha. Wengine wangesafisha vyote wakapanga fremu za maduka. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Wakulima wa kahawa wa mlimani waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na chama kikuu chao cha ushirika. Mji huu umelelewa na kahawa, na anayetaka kujua gunia la babu yake lilipita wapi anahitaji ukuta wa kuugusa. Tena ni wewe uliyenifundisha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayakinga yenyewe majengo ya kabla ya 1863 tu, na kwamba jengo kama letu mpaka waziri alitangaze. Umelifuatilia hilo kwa barua na kwa miguu. Siku ile ya mkutano nilikaa benchi la nyuma, nikakusikia unavyowajibu wale wazee bila kupandisha sauti, nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Lakini uwanja wa watoto umeuweka kati ya mkuyu na karakana. Niliuona siku ileile ya Pasaka.

Umewauliza watu wa manispaa, umemuuliza mlinzi, umewauliza hata wauza ndizi wa nje ya geti. Mimi niliyefanya kazi mle miaka kumi na tisa hukuniuliza. Imeniuma, sikufichi. Ila mkutanoni, mshauri wenu aliposema eneo la nyuma ni uwanja mtupu usio na tatizo, nilikuwa nimekaa na wenzangu wawili wa karakana. Tulitazamana, tukanyamaza wote watatu.

Pale pana shimo. Halimo kwenye ramani yoyote, maana halikuchimbwa kwa ramani. Oili chafu ya magari yote ilimwagwa mle, na maji ya betri, na betri zenyewe zilizokufa. Toroli la mapipa lilikuwa na zamu, na zamu nyingi zilikuwa zangu. Msimamizi alisema ardhi itakunywa, nasi tukaamini kwa sababu kweli ilikuwa inakunywa. Shimo lilipojaa tukafukia kwa changarawe tukachimba la pili, hatua chache upande wa karakana.

Nimekwenda Jumamosi kutazama. Nyasi za uani zimefika magotini, ila pale zinaishia kama zimekatwa na panga. Nilifukua kidogo kwa fimbo: juu vumbi jekundu la kawaida, na kina cha kiganja tu udongo unakuwa mweusi, unang'aa, unashikana kama ugali wa mtama. Kwenye kidimbwi cha mvua juu yake palitanda utando wenye rangi za upinde wa mvua. Miaka yote hii, na bado.

Wewe umesoma, unajua kuliko mimi kilichomo. Nijuacho ni kwamba betri ni risasi, ile metali yenye sumu, na petroli ya enzi zetu nayo ilitiwa risasi. Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara iliiacha ilipoingia 2006. Risasi haiozi. Mtoto anacheza chini, anatia mkono kinywani, nayo inakwenda kwenye ubongo unaokua. Ulikuwa unaniletea chakula pale ukiwa darasa la pili. Ulikuwa unaningoja. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tena maji ya mji huu hayakai, yanateremka kutoka mlimani kwenda kusini, kwetu huku na kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini. Sisemi yameharibika. Nasema wapime na maji pia.

Uliniambia kule Duisburg, Ujerumani unakokwenda, kwenye kile kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985 kikafanywa bustani mwaka 1994, udongo mbaya zaidi waliufungia ndani ya mabohari ya zege, na miti iliyojiotea yenyewe wakaiacha. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani palikuwa na mzee aliyewaonyesha kidole, akasema hapa. Ukifika, waulize.

Sasa usije ukasikia shimo ukaukata mkuyu. Wasilete kijiko, ile mashine ya kuchimbia, karibu nao, mizizi yake imekwenda mbali kuliko kivuli. Wachimbe kwa jembe, wachukue sampuli kidogo kidogo. Kama ni pabaya, uwanja wa watoto uhamie mbele ya ghala, pale palipopita magunia ya kahawa tu. Kuyu zikiiva, popo wanajaa jioni nzima, na mbegu wanazibeba mbali.

Bundi naye bado yumo ghalani, juu ya boriti ya tatu ukiingia. Vijana wa mkandarasi wanasema ni nuksi, wanataka kumfukuza kwa mawe. Chini ya boriti niliokota donge alilotapika, la manyoya makavu, nikalivunja mkononi: ndani taya la panya dogo kama punje ya mchele, na meno yake ya njano yamekaa sawasawa. Madonge kama hayo yamejaa sakafu nzima. Paa likikarabatiwa, mafundi wamwachie bundi tundu la juu ukutani, na kazi hiyo isifanyike akiwa na makinda. Andika kwenye mkataba. Usiwaambie kwa mdomo, mdomo wa saiti hausikiki.

Na paa la ghala, yale mabati ya kijivu, ni asbesto, ile ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Yaloweshwe maji, yashushwe mazima, yasipasuliwe. Hapa kwetu banda la ng'ombe limeezekwa kwa hayohayo. Nilipewa sita wakati wanafunga, nikaona ni bahati. Kaka yako anataka kuyatoboa apitishe bomba la maji ya mvua. Nimemkataza, hanisikii. Mpigie wewe.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Shangazi yako wa Kibosho ameleta mkungu wa mshare, mama yako amekukaushia kidogo uchukue. Sweta la kijivu usiliache. Hao Wajerumani baridi yao si kama ya kwetu.

Nimekuwekea mchoro ndani ya bahasha. Mashimo yote mawili nimeyatia alama ya msalaba. Kama wakubwa wako watataka mtu wa kuthibitisha, andika jina langu, lote, na kazi niliyoifanya. Wenzangu nitawaambia mwenyewe kabla ya Jumapili.

Umbali sikuupima kwa hatua, maana hatua zangu siku hizi ni fupi. Nimepima kwa kamba ya ng'ombe kutoka shinani mwa mkuyu: fundo la kwanza ni shimo la zamani, la pili ni lile jipya. Kamba ipo kwa mama yako, pitia uichukue Ijumaa.

Ni mimi baba yako.