Grisi Ikishaungua, Bushi Hulainishwa na Nini?

Bushi, yaani bomba fupi la metali ambamo shafti huzunguka, ikikwama kwenye shafti ya mlango wa tanuri, ombi la kwanza tunalopata sisi watengenezaji wa bushi ni grisi kali zaidi. Tukiipasua tunakuta masizi magumu ndani. Grisi nyingi za kawaida hazivumilii hata nyuzi 200 za Selsiasi kwa muda mrefu. Kwenye nyuzi 600 hata iliyo bora huungua.

Kwenye joto hilo, kazi ya kulainisha ni ya kilainishi kigumu, yaani kitu kikavu kinachoteleza bila mafuta. Sisi hukichanganya kikiwa unga pamoja na unga wa nikeli na kromu, tukashindilia, kisha tukachoma hadi chembe zishikamane bila metali kuyeyuka. Bushi ikisuguliwa inajipaka yenyewe utando mwembamba, na utando ukilika, mwingine unatoka chini yake.

Wengi hutuagiza grafaiti, kaboni laini kama ya penseli. Ni nzuri, lakini ikiwa kwenye hewa huanza kuteketea karibu na nyuzi 500, tena huhitaji unyevu kidogo ili iteleze. Molibdenamu disalfaidi, kilainishi kigumu kingine, ni kinyume chake: unyevu huiharibu, na kwenye hewa, ikikaribia nyuzi 400, hugeuka oksaidi. Kwa nyuzi 600 zote mbili tunazikataa, hata mteja akisisitiza.

Swali tunalolijali kuliko yote ni hili: mashine inawashwa ikiwa baridi kiasi gani? Floraidi za kalsiamu na bariamu, ambazo ni aina ya chumvi, hulainika kuanzia nyuzi 500 hivi na kuhudumu hadi karibu 900, ila zikiwa baridi ni ngumu na hukatika. Kwa hiyo bushi inaweza kulika vibaya wakati tanuri linapashwa tu. Fedha, ambayo ni laini tangu baridi, huziba pengo hilo. NASA, shirika la anga la Marekani, ilifuata njia hiyo katika PS304, tabaka lake la kupulizwa juu ya metali: nikeli na kromu asilimia 60, oksaidi ya kromu 20, fedha 10, floraidi 10. Kiasi hicho kidogo cha kilainishi kina sababu. Ukikiongeza sana, metali inakosa nguvu na bushi hupasuka chini ya mzigo.

Unapoagiza, tuandikie joto la chini na la juu, mzigo, mwendo, na kama kuna hewa au gesi nyingine. Tuletee pia bushi ya zamani. Tafadhali usiioshe: utando uliobaki juu yake ndio tunaoanza kuuchunguza.