Tamka "Dar es Salaam" kabla hujalipia kamera ya filamu

Chukua kamera ikiwa tupu, fungua mlango wake wa nyuma, zungusha gurudumu la kasi hadi kwenye 1 (yaani sekunde moja), vuta mkono wa kusogezea filamu, kisha bonyeza. Pazia, kile kizuizi kinachoruhusu mwanga kufikia filamu, litafunguka. Hapohapo tamka "Dar es Salaam" bila haraka. Ukimaliza, nalo liwe limejifunga. Likifunga ukiwa bado kwenye "Dar", au likabaki wazi mpaka ukaanza kumtazama muuzaji usoni, mitambo ya ndani haiko sawa, mara nyingi kwa mafuta yaliyoganda, na kamera hiyo inahitaji fundi kabla ya kuhitaji filamu.

Ndicho kipimo tunachowafundisha wateja wetu hapa dukani kwanza, kwa sababu wengi huja na swali moja tu: ninunue kamera gani? Sisi tunauliza hali yake. Kamera nyingi za mitumba tunazoshika zilitengenezwa miaka ya 1970 na 1980, na tangu hapo kila moja imeishi maisha yake. Pentax mbili zilizotoka kiwanda kimoja, moja ikakaa kabatini Arusha na nyingine uvunguni mwa kitanda Tanga, leo si kamera moja tena.

Baada ya kasi ya 1, nenda 1/1000. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, elekeza kamera kwenye anga jeupe, chungulia kwa nyuma, bonyeza. Unatakiwa kuona duara zima likimetameta mara moja. Ukiona upande mmoja uko gizani, picha zako zitakuwa na ubavu mweusi, na hilo hutaligundua mpaka umeshalipia kusafisha mkanda wa picha 36.

Sasa kuvu. Sisi watu wa pwani huyu ndiye adui yetu, na wauzaji humwita "vumbi kidogo tu". Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma kwa pembe, halafu tazama kutoka mbele. Vumbi ni vidoa vilivyotawanyika, na hata vikiwepo havidhuru. Kuvu ana nyuzi, kama utando wa buibui, aghalabu zikianzia ukingoni mwa kioo. Akiachwa muda mrefu hula ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha, alama zinabaki. Tumeshapokea lenzi iliyoonekana safi kabisa mchana dukani, tochi ilipowaka ikawa kama jani lililoliwa na viwavi. Mara nyingi chanzo ni kile kibegi cha ngozi cha asili, ambacho kila mtu hukipenda. Ngozi hunyonya unyevu. Kitundike ukutani kiwe pambo, kamera iweke kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele hapana, unatoa vumbi.

Ukishamaliza lenzi, gusa sponji nyeusi zilizo kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Zikinata kidoleni kama lami, mwanga utapenya. Usiikatae kamera kwa hilo, kuzibadilisha ni kazi ndogo. Itumie kuombea punguzo.

Tukirudi kwenye lile swali la kamera gani: kwa anayeanza, tunapendelea kamera ambayo pazia lake halitegemei betri. Pentax K1000, iliyotoka 1976, ni ya namna hiyo. Betri yake ndogo ya LR44 inaendesha kipima mwanga tu, ila haina swichi ya kuzima, kwa hiyo ifunike lenzi ukimaliza. Pazia la Nikon FM nalo halitegemei betri, na ukipata FM2 kwa bei ya ubinadamu, usiulize mara mbili. Olympus OM-1 ni nzuri na nyepesi, lakini kipima mwanga chake kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena, hivyo uliza kama kimeshabadilishwa.

Canon AE-1 ndiyo inayoulizwa kuliko zote, pengine kwa sababu ya mtandao. Si mbaya, ila bila betri yake ya volti 6 ni jiwe, na nyingi za umri huu zikibonyezwa hutoa mlio kama bawaba ya geti. Mlio huo unatibika, lakini ujumlishe fundi kwenye bei.

Mwenye hela kidogo asiidharau Zenit ya Kirusi. Ni nzito kama tofali, kioo chake cha kutazamia kina giza, na kasi zake huanzia 1/30 tu, kwa hiyo kipimo cha Dar es Salaam hakifanyi kazi kwake. Lakini ikija na lenzi ya Helios 44-2, umeokota.

Kipima mwanga kimekufa? Tusikosane kwa hilo. Filamu ya ISO 200 (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga), jua la saa saba mchana: kasi 1/250, tundu la lenzi f/16. Wingu likitanda, f/8. Ukiingia kwenye kivuli cha mwembe, f/5.6. Mkanda mmoja wa namna hii utakufundisha zaidi ya maneno yetu, na kwa filamu ya negativu (ile ambayo rangi huonekana kinyume kabla ya kuchapishwa) ukikosea kidogo kwa kuzidisha mwanga, picha bado inatoka.

Kama umerithi kamera ya babu na unataka tuikague, ilete bure siku yoyote ya kazi. Ombi letu ni moja: usiifungue nyumbani. Zungusha taratibu kile kitasa kidogo cha kurudishia filamu, kwa uelekeo wa mshale wake. Kikikaza, ndani kuna mkanda. Tuletee hivyohivyo.