Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tunaomba ule waraka wa simu

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimefundisha hisabati kwa miaka 19. Barua mbili za mwanzo kuhusu waraka wa kuzuia simu za wanafunzi shuleni nilizipitisha kwa mwalimu mkuu kama utaratibu unavyotaka, na hadi leo sijapata jibu hata moja. Hii ya tatu nimeona niiandike mbele ya watu wote.

Jumanne iliyopita nilimwita msichana mmoja ubaoni akokotoe mlinganyo. Si mtoto wa kunyoosha mkono. Imenichukua muhula mzima kumshawishi asimame. Kwenye mstari wa tatu akasahau alama ya kutoa, akasita, chaki imegusa ubao na mkono hauendi. Nyuma ya darasa mtu akacheka chinichini. Kabla kengele ya mapumziko haijalia, video ya mtoto yule akiwa ameganda mbele ya kosa lake ilikuwa imeshafika madarasa mengine. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Leo Ijumaa, dawati lake bado liko tupu.

Kosa lenyewe lilikuwa la kusahihishwa kwa dakika moja, na kusahihisha makosa kama hayo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Tangu siku ile nikiuliza nani aje ubaoni, macho yote yanainama. Mheshimiwa, nifundisheje hisabati kwa watoto wanaoogopa kukosea mbele ya wenzao?

Mwaka jana ulisimama mbele yetu walimu ukatuahidi kwamba waraka wa simu shuleni utatoka kabla ya muhula kwisha. Nilikuwa ukumbini, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Imepita mihula mitatu.

Bila waraka huo, kila mwalimu anabeba msalaba wake peke yake. Wangu nilishaubeba. Nilimnyang'anya mvulana simu katikati ya kipindi, nikaifungia kwenye droo ya meza yangu, jioni nikakuta droo imevunjwa. Mzazi alikuja juu, na sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha kwamba nilikuwa na haki ya kuichukua. Niliilipa simu ile kwa kukatwa mshahara miezi minne, wakati ada ya mwanangu mwenyewe inadaiwa. Toka hapo, nikiona mwanga wa kioo chini ya dawati, mara nyingine nageuza uso. Naona aibu kuliandika hili, lakini ni kweli, na najua walimu wengi wanafanya hivyo hivyo.

Tukisema simu zinashusha ufaulu tunaambiwa tunaogopa teknolojia. Basi nisiseme mimi, waseme waliopima. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022, wanafunzi waliosema kwamba vifaa vya kidijitali vya wenzao huwavuruga kwenye vipindi vya hisabati walikuwa nyuma kwa pointi 15. Vya wenzao, Mheshimiwa! Yaani hata mtoto asiye na simu anaumia. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ikasema mwanafunzi akishavurugwa anaweza kuchukua hadi dakika 20 akili kurudi kwenye somo. Kipindi changu kina dakika 40. Meseji mbili zinatosha kukimaliza.

Linaloniuma zaidi ni nani hasa anayeumia. Watafiti Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichunguza shule 91 za Uingereza, wakatoa matokeo yao mwaka 2015. Shule zilipozuia simu, walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakishika mkia. Wale wa juu hawakubadilika, simu iwepo isiwepo. Nilipousoma utafiti huo niliona sura za watoto wangu wa viti vya nyuma, mmoja mmoja. Nadhani mtoto anayeelewa somo akipotea dakika tano anajua pa kurudia, ila anayehangaika akipoteza uzi ndiyo basi, na simu iko pale mapajani kumpokea.

Sisemi waraka utamaliza kila kitu. Mwanangu wa miaka 15 nilimkuta saa nane usiku amejifunika shuka gubigubi, kioo kinamulika uso, na asubuhi alikuwa na mtihani. Wataalamu wa usingizi wanataka kijana wa umri huo alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Hilo la usiku ni langu, siwezi kukutupia wewe, na nimeshaanza kulala na simu yake chumbani kwangu. Lakini kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya jioni, mtoto yule na wenzake wako chini ya wizara yako.

Wala sisemi simu zichomwe moto. Yupo mwanafunzi anayepima sukari kwa kifaa kilichounganishwa na simu. Huyo aachwe nayo. Kukiwa na somo linalohitaji intaneti, mwalimu aruhusu, somo likiisha zirudi kabatini. Ufaransa ilipitisha sheria ya namna hii mwaka 2018, Brazili Januari 2025, nazo zimeacha nafasi kwa mahitaji kama hayo. Hakuna haja ya kuunda tume nyingine.

Tunachohitaji ni ukurasa mmoja: simu hazitumiki shuleni kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, shule iwe na mahali pa kuzifungia, na ikipotea isilipwe na mwalimu. Hata hicho kipengele cha malipo ukitaka kifute, nitaendelea kulipa. Kile cha kwanza tu, Mheshimiwa. Kitie saini.

Kesho Jumamosi nakwenda nyumbani kwa yule msichana. Mama yake amenipigia, anasema mtoto anauliza swali moja tu: akirudi darasani, zile simu zitakuwepo? Sijui nimjibu nini. Nakuomba, kwa heshima zote, unisaidie kumjibu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati