Mashine mpya ya chipu ichunguzwe kabla ya kuunganishwa

Mhariri,

Wasimamizi wa miradi ya usalama katika viwanda vya chipu za kompyuta huanza na uzio, kamera na kadi za milangoni. Sawa, lakini hatari nyingine hupokelewa mlangoni kwa saini, ikiwa ndani ya kreti. Agosti 2018 uzalishaji wa TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu, ulivurugika baada ya mashine mpya kuunganishwa kwenye mtandao bila kuchunguzwa. Kirusi cha jamii ya WannaCry (kirusi kinachofunga faili na kudai fidia) kikasambaa kwenye kompyuta za Windows 7 zisizo na viraka, yaani masahihisho ya kuziba mianya ya programu.

Viraka vinakosekana kwa sababu mashine hudumu kuliko programu yake, na kuigusa programu bila idhini ya muuzaji kunaweza kufuta dhamana. Kwa hiyo sharti la usalama wa programu liingie kwenye mkataba wa ununuzi, kiwango cha SEMI E187 (cha usalama wa kimtandao wa mashine za viwanda vya chipu) kikitajwa kwa jina. Mzigo ukishafika, umechelewa. Muuzaji keshalipwa sehemu kubwa.

Mashine ichunguzwe ikiwa bado imetengwa, kisha ipewe kipande chake cha mtandao kilichotengwa na mashine nyingine. Flashi ya fundi wa muuzaji (hii husahaulika mno) ipite kwanza kwenye kompyuta ya ukaguzi. Viraka viwekwe siku ya matengenezo tu, maana kuzima mashine katikati ya kazi huweza kuharibu visahani vya silikoni vilivyomo, ambavyo chipu hutengenezwa juu yake.

Msomaji wenu