Mvinyo wa kila siku nao una mengi ya kufundisha

Mhariri,

Makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wako wa burudani ilimshauri msomaji anayetaka kuujua mvinyo aanze kwa kukusanya chupa zenye majina makubwa, azitunze kwa miaka, kisha azifungue siku za sherehe pekee. Naomba nafasi ya kutofautiana na ushauri huo, kwa kuwa unamfungia mtu mlango kabla hajabisha hodi. Mvinyo hujulikana kwa kunywewa mara kwa mara, kwa kiasi kidogo, pamoja na chakula cha kawaida cha jioni, na chupa inayofaa kazi hiyo ni ile isiyo na sifa yoyote ya kumtisha anayeifungua.

Suala la kutunza chupa kwa miaka halihitaji maneno mengi. Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani hukusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache tangu zabibu zichumwe, na ni mvinyo wa aina chache tu, wenye uchachu, tanini (kile kinacholeta ukakasi mdomoni) au sukari ya kutosha, unaozidi kuwa mzuri kadiri unavyokaa. Anayeiweka chupa ya kawaida juu ya kabati lenye joto akingoja arusi ya mwanawe atakuja kuwamiminia wageni kitu kilichopoteza harufu ya tunda na kuanza kuelekea siki.

Lenye uzito zaidi ni namna mtu anavyojifunza. Chupa ya kawaida ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150, na anayeridhika na glasi moja kwa jioni anaweza kuifuatilia chupa ileile kwa siku kadhaa, jambo ambalo mgeni wa sherehe hapati nafasi ya kulifanya. Tuchukue mvinyo mwekundu mchanga. Jioni ya kwanza, funda la mwanzo huacha ukakasi kwenye fizi na pande za ulimi, kama chai iliyosahaulika na majani yake ndani ya birika. Ukakasi huo ni tanini, nayo hutoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu. Rangi nayo hutoka kwenye maganda, maana juisi ya zabibu nyingi nyeusi haina rangi yenyewe, na ndiyo sababu wakulima wa Champagne nchini Ufaransa huweza kukamua zabibu nyeusi wakapata mvinyo mweupe. Ukila kipande cha nyama pamoja na funda la pili, ukakasi hupungua kwa namna unayoweza kuihisi papo hapo, kwa kuwa tanini hushikana na protini na mafuta ya chakula badala ya kushikana na mate yako. Jioni inayofuata, baada ya chupa kuzibwa na kulala kwenye friji, mvinyo uleule mara nyingi huwa umelainika na harufu yake imefunguka, kwa sababu hewa kidogo imeshaingia. Siku chache zaidi zikipita, hewa ileile iliyousaidia huanza kuuharibu: tunda hufifia na uchachu hujitokeza peke yake. Aliyeyafuata mabadiliko hayo kwa pua na ulimi wake, jioni hadi jioni, ameelewa kazi ya hewa katika mvinyo kuliko aliyeisoma kwenye kitabu.

Hali ya joto nayo ni somo la bure, na nashangaa kwamba makala haikuitaja kabisa. Mvinyo mweupe uliotoka kwenye friji muda huohuo hukaribia kukosa harufu, lakini ukiuacha kwenye glasi hadi ufike nyuzi 10 au 12 za Selsiasi, harufu za matunda huanza kupanda moja baada ya nyingine. Kwa mvinyo mwekundu mambo hugeuka. Ushauri wa kuunywa katika joto la chumba ulitokana na nyumba za baridi za Ulaya ya zamani, na katika chumba chenye nyuzi 28 alkoholi hutangulia puani na kufunika kila kitu. Kukaa kwa muda kwenye friji huushusha hadi nyuzi 16 au 18, na hapo ndipo mtu hugundua kwamba mvinyo alioulaumu kwa ukali ulikuwa umepashwa moto tu.

Wapo wanaosema kuwa hawana kipaji cha kutambua ladha. Ulimi wa binadamu hutambua mambo machache sana: utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ile ladha nzito ya mchuzi. Yaliyobaki, kuanzia limau hadi pilipili manga na moshi wa mbao, ni kazi ya pua, kwa kuwa mvuke wa kinywaji hupanda kwa nyuma ya koo. Bana pua, meza funda, kisha iachie pua: ladha itarudi ghafla. Hakuna kipaji hapo, bali mazoezi na uzoefu wa kunusa vitu vya jikoni kwa makini.

Hata hivyo pua hudanganywa na macho, na hapa ndipo majina makubwa yanapomdhuru anayeanza. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux. Wanafunzi hao walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa mvinyo mwekundu. Wengi huutaja utafiti huo ili kuwacheka wataalamu. Mimi nauona kuwa onyo kwetu sote, kwani kama rangi pekee inaweza kuongoza pua iliyofundishwa, jina lenye heshima kwenye lebo litaiachaje pua ya anayeanza?

Historia inatoa ushahidi kama huo. Mwaka 1976 mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa akiuza mvinyo mjini Paris, Steven Spurrier, aliwakutanisha waamuzi wa Kifaransa waonje bila kuona lebo, na chupa zilizoshika nafasi ya kwanza, nyeupe na nyekundu, zilitoka California, wakati ambapo wachache walidhani eneo hilo lingeweza kushindana na Burgundy na Bordeaux, maeneo mashuhuri ya mvinyo nchini Ufaransa. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Chile. Kwa zaidi ya karne moja wakulima wa huko walilima mizabibu waliyoiita Merlot, aina ya zabibu nyeusi, huku baadhi yake ikichelewa kuiva na kutoa mvinyo wenye harufu ya pilipili hoho. Mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alitambua kuwa mingi kati yake ilikuwa Carménère, aina iliyosafirishwa kutoka Bordeaux katika karne ya 19 na kukaribia kutoweka kwao baada ya mdudu filoksera kuangamiza mashamba ya Ulaya. Waliokuwa wakiunywa mvinyo huo walikuwa wameshaionja tofauti miaka yote hiyo. Kilichokosewa ni jina.

Sitaki nieleweke kwamba nauuza mvinyo kama dawa, ingawa utetezi huo husikika sana, hata katika gazeti lako. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha alkoholi kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 wakala wake wa utafiti wa saratani umeviweka vinywaji vya alkoholi katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 12 ya alkoholi ina takriban gramu 14 za alkoholi halisi, na mtu mzima anayeamua kuinywa anapaswa kuijua hesabu hiyo. Asiyekunywa, kwa sababu ya dini, afya, ujauzito, usukani au hiari yake tu, hadaiwi maelezo na mtu yeyote, na mwenyeji mwenye adabu hamlazimishi. Kwa anayekunywa, burudani ni sababu inayojitosheleza. Kusingizia kwamba mvinyo unafaa moyo na mishipa ya damu ni kujidanganya. Tena waonjaji wa kazi hii hutema kila funda wanapoonja chupa nyingi, na kutema kwenye kikombe hata nyumbani si ushamba hata kidogo, japo nakiri kwamba mezani mbele ya wakwe hakupendezi.

Ndiyo maana nauliza kwa nini kurasa zako zinauzungumzia mvinyo kwa njia mbili tu: kama alama ya utajiri, au kama habari ya ajali na ulevi. Ulevi ni tatizo la kweli na lazima uandikwe. Lakini anayekunywa glasi moja kwa makini, akajiuliza zabibu zililimwa kwenye udongo gani na kwa nini mwaka huu umekuwa mchachu kuliko uliopita, anafanya jambo lisilo na uhusiano mkubwa na hayo mawili.

Ninachoomba ni safu fupi, hata ya mara moja kwa mwezi, itakayoeleza mvinyo wa kawaida kwa Kiswahili kinachosomeka, bila alama za mia kwa mia na bila sifa za kukopa. Mwandishi afunge chupa mbili kwa karatasi ili lebo zisionekane, amwombe mwenzake amimine, kisha aandike alichonusa na alichoonja kabla ya kufungua karatasi, na siku ya tatu arudi kwenye mabaki ya chupa hizohizo aeleze kilichobadilika. Aandike pia chupa zilizomchosha na sababu zake. Safu ya namna hiyo nitaisoma kabla ya ukurasa wa michezo, na naamini hata wasiokunywa wataisoma kwa ajili ya habari za ardhi, hali ya hewa na watu wanaolima.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa siku nyingi